Wezi wa kuchekesha na wachumba wa uongo

Mimi si mtaalamu wa sinema. Naangalia filamu kama wakaaji wengi wa Uvira: jioni umeme ukiwepo, kwa jirani mwenye televisheni kubwa, au siku ya Jumapili kwenye ukumbi wa video ambako franka 500 zinakupa filamu mbili pamoja na joto la bure. Mimi sichagui. Anayechagua ni kijana mwenye flashi. Lakini ukiangalia miaka mingi unapata maoni yako, hata kama hakuna aliyekuuliza.

Hapa kwetu filamu za kupigana zinajulikana, lakini zinazojaza mabenchi kweli ni za aina mbili: za wezi wanaochekesha, na za mapenzi na ndoa. Wababa wanasema hizo za ndoa ni za wamama. Uongo mtupu. Nenda siku moja usikie ni sauti ya nani inayouliza sehemu ya tatu iko wapi.

Nianze na wezi. Home Alone ya mwaka 1990 watoto wa kartie wanaijua yote, na wengi hawasikii hata neno moja la Kiingereza. Wezi wawili wanaingia nyumba ya watu, mtoto aliyesahauliwa na wazazi wake anawapokea kwa pasi ya kichwa na makopo ya rangi. Anayeumia pale ni mwizi, kwa hiyo cheka mpaka uchoke, hakuna anayekudai. Rush Hour ya Jackie Chan na Chris Tucker (1998) ni hivyohivyo: polisi ndio wachekeshaji, wabaya wanapigwa, tunakwenda kulala.

Filamu za Nigeria ni habari nyingine. Nkem Owoh, ambaye wengi bado wanamwita Osuofia kwa sababu ya Osuofia in London ya mwaka 2003, alicheza filamu inayoitwa The Master mwaka 2005. Ni mfanyabiashara aliyekwama ambaye anafundishwa kazi ya kudanganya watu kwa karatasi na maneno matamu, ule utapeli ambao Wanigeria wanauita 419, kwa kufuata namba ya kifungu cha sheria yao kinachoukataza. Sitaficha, nampenda sana Nkem Owoh. Akinyamaza tu na kugeuza macho, ukumbi mzima unaanguka. Lakini mwangalie vizuri yule anayeibiwa. Tunamwona kidogo: anaamini, analipa, anaondoka. Hatujui alilala wapi usiku ule. Sisi tunarudi nyumbani na mwizi, tunakula naye, tunahesabu naye noti moja moja.

Filamu za mapenzi zinakwenda njia ya kinyume. Ziwe za Nigeria au zile za Tanzania ambazo tangu wakati wa marehemu Steven Kanumba zinavuka ziwa na kutufikia, habari inafanana. Mwanaume anaahidi ndoa, anakula pesa ya mwanamke, anapotea. Safari hii tunabaki na aliyeachwa. Analia sehemu ya kwanza, analia ya pili, na kinanda kinalia kuliko yeye. Malalamiko yangu ni kwamba kosa linapelekwa karibu kila mara kwa mama mkwe, kwa rafiki mwenye wivu au kwa mganga. Pesa yenyewe haihesabiwi. Ilikuwa kiasi gani? Ilitolewa siku gani, nani aliona? Kwenye filamu za wezi kila dola inahesabiwa mbele yetu. Kwenye za ndoa tunaambiwa tu kwamba moyo umevunjika.

Na kumbe mwanaume ni yuleyule. Mchukue mtapeli wa The Master umweke ndani ya filamu ya ndoa, hutabadilisha maneno yake: niamini, imebaki karatasi moja, kesho yote yatakuwa sawa. Tofauti ni kwamba upande mmoja tunacheka, upande mwingine tunatoa leso.

Ninalisema hili kwa sababu ya mama mmoja muuza ndagala wa Kalundu, aliyenikubalia niandike habari yake bila jina. Alikuwa na mchumba aliyesema anafanya kazi kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Misisi. Mwanaume alikuja kujitambulisha kwa wazazi, na kreti mbili za vinywaji na kitenge cha mama. Kisha zikaanza simu: nauli, mgonjwa, karatasi ya kuruhusu dhahabu itoke. Dola 40, dola 70, mara moja 200. Zote zilipita kwa simu, kwenye kabini moja iliyo karibu na nyumba yao, na yeye aliandika kila moja kwenye daftari la biashara, katikati ya madeni ya samaki. Jumla ni dola 640, mtaji wake wote. Namba ya simu haiiti tena.

Kwenye ofisi aliyokwenda kulalamika alifungua daftari. Aliyempokea aliuliza swali moja: ulimpa kwa mapenzi au kwa deni? Kama ni kwa mapenzi, hayo ni mambo ya nyumba. Kama ni deni, sahihi yake iko wapi? Mama hakuwa na jibu linaloingia kwenye moja ya visanduku hivyo viwili, kwa sababu alitoa kwa vyote viwili. Alimpenda, na aliambiwa atarudishiwa.

Kartie nayo ilikuwa na swali lake, ila lile la kicheko. Vijana waliiga sauti ya mchumba kwenye simu, "dhahabu iko njiani, chéri", hata watoto walijifunza. Ndiyo maana sikubali tena mtu akiniambia filamu ni filamu tu. Tumejizoeza kwa miaka kumtazama mdanganyifu hodari kama msanii, na aliyedanganywa kama mtu aliyeletwa ili kichekesho kisonge mbele.

Tunazo filamu zetu ambazo hazikutenganisha mambo hayo. La Vie est belle ya mwaka 1987, ambayo Ngangura Mweze, mzaliwa wa Bukavu, aliitengeneza pamoja na Mbelgiji Benoît Lamy, ina Papa Wemba, muziki, uongo wa kila namna, na tajiri anayetaka mke wa pili. Unacheka tangu mwanzo. Lakini mke wa kwanza hakuwekwa pembeni kama kiti. Naye ana hasira na akili yake. Viva Riva! ya Djo Munga (2010) ni nzito zaidi, tena si ya kuangalia na watoto. Riva anaiba mafuta ya gari kutoka Angola na kuyaleta Kinshasa wakati mji umekauka, anapenda mwanamke wa mtu mwingine, anatumia pesa kama maji. Kuna mahali pa kucheka. Bili inafika baadaye, na inalipwa na wengi. Ajabu ni kwamba hizo mbili kijana wa flashi hanazo. Anasema hakuna anayeziomba.

Jumapili iliyopita aliweka tena The Master. Yule mama alikuwa benchi la nyuma na dada yake mdogo. Filamu ilipokwisha, watu wakiwa bado wanacheka, alisimama akauliza kwa sauti ya kawaida:

"Kijana, wale walioibiwa, walirudishiwa pesa yao?"

Kijana aliangalia kioo, akaangalia rimoti.

"Mama, filamu haisemi."

"Basi weka nyingine."

Akaweka ya ndoa. Mama akakaa.