Mgeni wa Bibi

Nilifika Norwich, mashariki mwa Uingereza, mwishoni mwa Septemba, kusoma shahada ya uzamili ya tafsiri ya fasihi. Chuo Kikuu cha East Anglia ni majengo ya zege tupu, na sungura hula majani nje ya mabweni bila kumwogopa mtu. Darasani tulikuwa tisa. Mwenye Kiswahili nilikuwa mimi peke yangu.

Walimu walipenda kumtaja W. G. Sebald, Mjerumani aliyefundisha hapo tangu 1970 hadi alipofariki 2001, na ndiye aliyeanzisha kituo cha tafsiri ya fasihi mwaka 1989. Miaka yote hiyo ya ugenini, riwaya zake aliziandika kwa Kijerumani, kisha akakaa na watafsiri wake kuzipitia. Nami nikapata moyo: nikaandika hadithi kwa Kiswahili kwanza, ndipo nikaitafsiri.

Kilikuwa kisa cha bibi, wa Pangani. Mwaka wa njaa, mgeni alibisha hodi usiku, akapewa uji wa mwisho uliokuwamo chunguni, akalala barazani. Alfajiri hakuonekana. Mlangoni palikuwa na pakacha la muhogo.

Siku tafsiri yangu ilipochambuliwa darasani, mwenzetu Mturuki aliuliza, "Huyu mgeni, kwa nini ni mwanamume?"

Kituruki, kama Kiswahili, hakitengi mume na mke katika "yeye". Ndiyo maana aliona. Nilirudi kwenye Kiswahili changu: alibisha, akala, akalala, akaondoka. Hakuna "a" hata moja iliyoniambia ni mwanamume. Kiingereza kilinidai jibu, nami nikalitoa bila kufikiri.

Jioni nikampigia mama.

"Mwanamume wapi?" akasema. "Bibi yako alikuwa peke yake na watoto. Ungekuwa wewe, ungemfungulia mwanamume saa sita usiku?"

"Kwa hiyo alisema ni mwanamke?"

"Hakusema. Kwani kulikuwa na haja?"

Nilihangaika na kurasa zile nne kwa wiki tatu. Nilijaribu kumwachia mgeni asimulie mwenyewe, maana "mimi" ya Kiingereza nayo haina jinsia. Lakini mgeni akishajieleza, si mgeni tena. Mwishowe nikafuata hoja ya mama. Ajabu, kubadili neno moja kulibomoa mengine: hofu niliyoitia ndani ya nyumba ilikosa sababu, nikaifuta, uji ukawa jambo la wanawake wawili wanaojua njaa ya watoto. Ile ya Kiswahili sikuigusa.

Niliporudi Pangani nilimsomea mjomba hiyo ya Kiswahili. Alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa taratibu.

"Mzee yule," akasema, "alikuwa na adabu sana."

Nikamtazama mama. Alikuwa anachagua mchele, anacheka kimyakimya.