Mtoto wa Miaka Minne na Kalamu

Katika vijiji vyetu vya Bukoba na Muleba yamezuka mashindano ambayo wazee wetu hawakuyajua: kila mzazi ataka mwanawe asome kabla ya mwana wa jirani. Hatuandiki haya kwa kuwacheka wenzetu, kwani nasi, mume na mke, sote walimu, tulishindana.

Kitinda mimba wetu alipotimiza miaka minne tulimpeleka katika shule ya kulipia, ifundishayo kwa Kiingereza. Gari lilimchukua alfajiri, migomba ingali na umande, naye angali na usingizi. Likamrudisha jua likielekea kuzama. Zamani alikuwa msemaji, mwenye vitendawili vya Kihaya alivyofundishwa na nyanya yake. Sasa akaanza kunyamaza. Tukafungua daftari lake, tukaona kurasa tele za herufi moja, imefutwa na kuandikwa tena hata karatasi ikatoboka. Siku moja tulimkuta kibanjani akiichapa migomba michanga kwa kijiti, akiikaripia kwa Kiingereza ikae kimya. Maana hayo ndiyo maneno aliyoyashika vema. Tulicheka kwanza, kisha tukaacha kucheka.

Hata watawala wa Wahaya wa kale, walipokusanya vijana wa muteko ili wafunzwe adabu na kazi, walitwaa wavulana waliokwisha kukua, si wale washikao nguo ya mama. Sheria ya Elimu ya 1978 ilitaja miaka 7. Siku hizi sera ya nchi yataka mwaka mmoja wa elimu ya awali, na darasa la kwanza kwa mtoto wa miaka 6. Na huko Finland, nchi isifiwayo sana kwa shule zake, mtoto huanza darasa la kwanza mwaka anaotimiza miaka 7. Kabla ya hapo hucheza, tena hucheza chini ya uangalizi wa walimu waliosomea kazi hiyo.

Walakini tusidanganyane. Mama aendaye shambani au mwaloni humwachia nani mdogo wake? Mara nyingi humwachia dada yake, naye dada hukosa shule. Kwa mama huyo darasa la awali ni msaada mkubwa, na tangu ada ilipoondolewa mwaka 2016 watoto wamejaa. Basi hatusemi mtoto asiende. Twauliza akifika afanye nini. Vidole vya miaka minne vyataka udongo wa kufinyanga, maharage ya kuhesabu na buni za kupanga mafungu. Kalamu yaweza kungoja. Tena mwalimu asione haya kumkaribisha kwa Kihaya, kwani hata Kiswahili kwa wengi wao ni lugha ya pili.

Tulimtoa mtoto wetu katika shule ile. Mwezi Januari ataingia darasa la awali hapa kijijini. Jirani atuuliza kama ada imetushinda, na mwanawe asoma bango la duka tukisikia. Tukiri kwamba wivu haujatutoka. Wetu yupo uani na nyanya yake, wananyonyoa senene mabawa. Juzi aliwahesabu hata 43, akakosea, akawamwaga wote ungoni, akaanza tena.