Ndiyo na Hapana, Bei Moja

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Bila shaka wahenga hao hawakupata kuingia yadi ya magari ya mitumba. Pale kila kitu kinajitembeza, kizima na kibovu, na vyote vimepigwa polishi. Ndiyo maana ikazaliwa kazi ninayotaka kuizungumzia: kazi ya mtu anayelipwa kulitazama gari na kusema lilivyo.

Ng'ambo kazi hii ina hadhi yake. Mwandishi wa magari huazimwa gari jipya na kampuni, tangi limejaa, akae nalo siku kadhaa kisha aandike. Pengine hupandishwa ndege na kulazwa hotelini ili akaliendeshe huko lilikozinduliwa. Jirani zetu wa Kenya wanamjua J.M. Baraza, aliyejipatia jina katika gazeti la Daily Nation kwa kuyachambua magari na kujibu maswali ya wasomaji. Kwetu Mbeya mhakiki wa magari hana safu gazetini. Ana ovaroli, tochi, sumaku na ulimi wake. Watu humwita fundi tu.

Fundi mmoja wa namna hiyo nimekuwa msaidizi wake kwa miaka miwili sasa, baada ya kumaliza kidato cha nne na kuona kwamba riwaya ninayoiandika haiwezi kuninunulia hata wali maharage. Mimi hushika tochi na kuandika daftarini anayoyasema.

Kanuni yake ya kwanza ni kufika asubuhi bila kutaja saa. Akifika hugusa boneti. Ikiwa ya moto, anajua muuzaji ameshaliwasha gari ili lisije likakohoa mbele ya mgeni. Hapo huomba lipoe, hata kama ni kungoja saa mbili. Kisha hufungua mfuniko wa oili. Akikuta utando mweupe kama maziwa mgando, anashuku maji yameingia. Moshi wa bluu ni oili inaungua. Moshi mweupe usiokoma hata injini ikishapata moto ni maji. Sumaku huipitisha taratibu kwenye bodi, na pale isiponata ujue pana pati chini ya rangi. Mkanda wa kiti huuvuta hadi mwisho, kwa sababu wanaosafisha gari lililozama majini mara nyingi husahau tope lililojificha huko ndani. Hata tairi husomwa: tarakimu 2319 ubavuni maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Mita ya kilometa haiamini hata kidogo. Yeye hutazama pedali.

"Kilometa elfu arobaini haziwezi kula raba ya breki namna hii," aliwahi kumwambia muuzaji mmoja, "labda dereva alikuwa tembo."

Na kama karatasi ya mnada wa Japani ipo, hutafuta herufi R, inayosema kwamba gari liliwahi kugongwa na kutengenezwa.

Halafu kuna suala la milima. Mji wa Mbeya uko kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, na injini isiyo na tabo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000. Gari lililokuwa likiruka kama swala kule Dar es Salaam, likifika Mlima Nyoka na mzigo wake linaanza kuomba msamaha. Sifa zilizoandikwa pwani au Ulaya ni za huko huko. Huku lazima tujaribu upya.

Lakini hayo yote, ndugu msomaji, ni ufundi, na ufundi mtu anaweza kufundishwa. Kilichonifanya nishike kalamu ni kitu kingine.

Mwaka jana mwalimu mmoja wa shule ya msingi hapa Mbeya alipata Noah iliyokuwa ikiuzwa Iringa. Alikuwa amekopa, na mumewe alipanga kulitumia gari hilo kuleta bidhaa kutoka Kariakoo. Mwalimu alimlipa fundi shilingi 60,000 pamoja na nauli zetu, tukapanda basi alfajiri sote watatu.

"Kamwene!" dalali alitupokea kwa bashasha zote. Noah yenyewe ilikuwa bomba, nyeupe, inang'aa. Tuliteremka nayo mpaka Ipogolo, tukapanda tena kurudi mjini. Kupanda ilipanda vizuri. Ila wakati wa kushuka, kila fundi alipokanyaga breki, gari lilivuta kushoto. Tuliporudi akalala chini, nami nikamulika. Chesisi ya mbele upande wa kushoto ilikuwa imekatika ikaungwa kwa kuchomelewa, kisha ikapakwa rangi nyeusi mbichi kabisa.

Dalali akamvuta pembeni. Mimi nilikuwa bado na tochi, nikasikia kila neno.

"Fundi wangu, tusaidiane. Laki mbili yako hii hapa. Mwambie mama gari zima, breki ni za kurekebisha tu."

"Kaka, mimi nimeshalipwa," fundi akajibu, akaenda kunawa mikono.

Akamwambia mwalimu: "Mwalimu, gari hili mtapita nalo Kitonga. Mimi nisingempandisha mwanangu."

Anayeijua Kitonga haulizi maana ya maneno hayo. Pale, kati ya Ilula na Ruaha Mbuyuni, barabara imejikunja ubavuni mwa mlima na malori ya Zambia na Kongo yanapishana kwa taabu. Dereva mwenye akili hushuka kwa gia ile ile nzito ambayo angepandia, kwa kuwa breki zikikanyagwa mfululizo hupata moto na kuacha kushika.

Mwalimu hakufurahi. Makato ya mkopo yalikuwa yanaanza mwisho wa mwezi ule, na sasa alikuwa anarudi mikono mitupu. Ndani ya basi hakutusemesha mpaka Makambako, ndipo akauliza, "Fundi, una uhakika?"

"Nilichokiona nina uhakika nacho, mwalimu. Nisichokiona siwezi kukuapia."

Gharama yake tuliilipa sisi pia. Habari zilitutangulia, na yadi mbili za hapa mjini hazimkaribishi tena fundi wangu. Wanamwita mnoko. Zipo wiki tunazoishi kwa kuziba pancha.

Nimesoma juu ya wenzake wa mbali. Oktoba 1997, mwandishi wa Sweden, Robert Collin wa jarida la Teknikens Värld, alilijaribu gari dogo jipya la Mercedes-Benz, A-Class, kwa zoezi la kukwepa ghafla, kama dereva anayemkwepa mnyama barabarani. Gari likapinduka. Mwanzoni kampuni ililidharau jaribio hilo. Baadaye ikasimamisha mauzo na kuyafunga magari yote ya aina hiyo kifaa cha kuzuia kuteleza. Na huko Marekani shirika la Consumer Reports, lililoanzishwa mwaka 1936, hununua lenyewe magari linayoyajaribu, tena kimyakimya kama mteja wa kawaida, na jarida lake halichapishi matangazo. Wote hao wamejua alichojua fundi wa ovaroli: malipo yasiyafuate majibu. Ndiyo na hapana ziwe bei moja, na zilipwe kabla boneti haijafunguliwa.

Mwezi uliopita dalali mmoja aliniita kijiweni. "Dogo, nasikia wewe mtunzi. Niandikie maneno matamu ya magari yangu, kila tangazo elfu tano."

Elfu tano kwangu si mchezo. Nikamwambia nitaandika, ila kwanza nilale chini ya kila gari na tochi yangu. Akacheka sana. "Sasa unataka kuandika tangazo au hati ya mashtaka?" Dili likafia pale.

Nasi vijana tunaoandika tujiangalie. Kazi ya mshikaji tunaisifu kwa sababu kesho naye atasifu yetu, tunaita huo uhakiki. Msomaji anayetoa hela yake ya nauli kununua kitabu chetu hana tofauti na yule mwalimu.

Kuna mwenzangu nimemwomba asome sura nne za riwaya yangu. Nilimnunulia chai na chapati mbili kabla hajafungua ukurasa wa kwanza, ili kama ni mbovu aniambie akiwa ameshashiba.