Adui kwa Kikurya

Sisi wa jumuiya hii ndogo ya Turwa, hapa Tarime, hatukuwa tumemjua Mwalimu Nyerere kama mshairi. Tulimjua kama Baba wa Taifa na jirani yetu wa Butiama, ng'ambo ya daraja la Kirumi. Tena tulijua kwamba Jimbo la Musoma lilianza mwaka 2005 mchakato wa kumwombea atangazwe mwenye heri. Ni kitabu kilichotuonyesha upande mwingine. Mwenzetu alikirithi kwa baba yake, aliyekuwa katekista: Enjili ya Mathayo katika utenzi, kazi ya Mwalimu mwenyewe, jalada limegandishwa kwa gundi.

Tukaanza kuuliza habari zake. Alizaliwa mwaka 1922 katika Kizanaki, akaanza shule Mwisenge, Musoma, akiwa na miaka 12, akabatizwa mwaka 1943 kwa jina la Julius. Mwaka 1963, akiwa Rais, alitoa tafsiri yake ya *Julius Caesar* ya Shakespeare (tusitafute makubwa katika kufanana kwa majina), na mwaka 1969 akatoa *Mabepari wa Venisi*. Hapo tulisimama kidogo. Wale watu wa Shakespeare walikuwa wafanyabiashara tu. Mwalimu akawaita mabepari, na kila msomaji wa siku zile alijua neno hilo limebeba nini. Mfasiri huchagua, na akishachagua amejulikana anasimama wapi.

Tenzi za Enjili zote nne na Matendo ya Mitume zilitoka mwaka 1996, alipokuwa mzee, ameshaacha urais tangu 1985. Angeweza kupumzika na shamba lake. Badala yake alikaa akihesabu mizani nane nane, kipande kwa kipande, ili habari ya Yesu iingie katika sikio la mtu asiyependa kusoma lakini anayependa kusikia.

Basi jioni moja tukafika Mathayo sura ya tano, pale Yesu anapoamuru kuwapenda maadui. Wiki mbili kabla, ng'ombe wa nyumba ile ile tuliyokaa walikuwa wameswagwa usiku. Kila mtu alikuwa na jina la ukoo mdomoni, na vijana wawili hawakuja kusali kwa sababu tulizozijua na hatukuzitaja.

Kijana wetu alisoma vizuri, kwa mahadhi. Bibi mwenye nyumba, ambaye Kiswahili chake ni cha sokoni, akasema, "Mjukuu wangu, niambie kwa Kikurya."

Kijana akafasiri. Lakini alipofika kwenye adui, akaweka maneno mengine, kwamba tumpende jirani tuliyekosana naye. Sote tulisikia. Hakuna aliyemsahihisha, na tukiri, tulishukuru.

Bibi ndiye aliyekataa. Akamwuliza, "Ndivyo alivyoandika Nyerere?"

"Sivyo, Bibi."

"Aliandika nini?"

"Adui."

"Kwa Kikurya adui humjui?"

Kijana akalitamka. Ni neno tunalolitumia kwa watu wenye mishale, na lilikaa katikati ya chumba kama mgeni aliyeingia bila hodi. Baba mmoja alitoka nje akasimama karibu na zizi tupu. Bibi hakulia wala hakuhubiri. Alisema amesikia, na kwamba neno hilo ni gumu kuliko alivyodhani miaka yote ya kulisikia kanisani kwa Kiswahili.

Tangu jioni ile tunasoma kwa namna nyingine. Msomaji anasoma utenzi, kisha mwingine anafasiri kwa Kikurya, na wazee wana ruhusa ya kumkatiza anapolainisha. Wanakatiza sana. Sehemu ya kusamehe saba mara sabini ilituchukua jioni mbili nzima, na ubishi wake haukuwa wa sarufi.

Ng'ombe hawajarudi. Wale vijana wawili, mmoja amekuja, mwingine bado. Mwezi uliopita zamu ya sala iliangukia nyumba ya mwisho kabisa, karibu na mpaka wa ukoo ule, na baadhi yetu tulipendekeza tuihamishe kwa usalama. Bibi alikuwa ameshachukua kigoda chake, yuko njiani.