Kimbunga Si Karamu ya Mtambo wa Upepo

Wasee, nikianza stori za stima ya upepo kuna swali halikosi: kama upepo ndio chakula cha ile mitambo, si basi kimbunga ni karamu? Zii. Kimbunga ni sumu.

Mitambo mingi ya kisasa hujizima upepo ukifika karibu mita 25 kwa sekunde. Mapanga yanalazwa upepo upite. Ushawahi kutoa mkono nje ya dirisha la matatu? Kiganja kikiangalia mbele unasukumwa, ukikilaza upepo unapita. Ni hivyo tu. Na kasi ya upepo ikiwa mara mbili, msukumo unakuwa mara nne, kwa hivyo hapo hakuna cha kuzalisha stima tena, ni kubaki umesimama.

Shida ni kwamba kichwa cha mtambo lazima kiendelee kugeuka kuufuata upepo, na kazi hiyo yenyewe inataka stima! Sasa fikiria kimbunga kimeangusha nguzo, gridi imezima, upepo umebadilisha mwelekeo, na mtambo umekwama unapigwa mbavuni. Kwangu mimi, betri ya akiba ina maana kuliko urefu wa mapanga ambao watu wa mauzo hupenda kujigamba nao.

Angalia Puerto Rico, Septemba 2017. Kimbunga Maria kiliingia nchi kavu Yabucoa. Shamba la Punta Lima, pale Naguabo karibu, mapanga yaliraruliwa vibaya. Santa Isabel, upande wa kusini, mitambo ilibaki wima. Usikimbilie kusema hawa walinunua vizuri kuliko wale, maana umbali kutoka kitovu pia ulisaidia. Na hata iliyosimama ilikuwa ya kuangaliwa tu, kwa sababu nyaya za kisiwa kizima zilikuwa chini. Kuna familia zilikaa gizani miezi na miezi.

Ninaoupenda mimi ni ule wa Guadeloupe. Kampuni ya Kifaransa, Vergnet, ilitengeneza mtambo wa mapanga mawili, mnara wake umeshikwa na kamba za chuma. Kimbunga kikitangazwa, mnaulaza chini. Kikipita, mnauinua. Ni mdogo, ndio, lakini kesho yake uko. Marekani nako, Chuo Kikuu cha Virginia kimechora mapanga yanayojikunja na upepo kama mnazi. Mtu wa Kilifi angewaambia hiyo bure.

Sisi tuko karibu na ikweta, vimbunga hutupita. Loiyangalani kuna mitambo 365, kila mmoja kilowati 850, na mwenye kuihangaisha ni upepo wa kila siku. Lakini Mei 2024 Hidaya ilifika hadi Mafia, na Mafia si mbali. Kwa hivyo siku mtu atakuja kuuzia kaunti za Pwani mitambo, sitaanza na megawati ngapi. Nitamuuliza gridi ikizima usiku wa dhoruba, kichwa cha huo mtambo kitageuzwa na nini.