Peugeot ya Baba Mdogo

Pitia hapa, nyuma ya soko la Tarime, lakini angalia matope. Mvua ya huku haina simile. Mbele kidogo kuna mparachichi, na chini yake ndiyo gereji yenyewe: benchi la mbao, pipa la maji, mitungi, na magari mabovu yaliyokalia mawe. Katikati ya miaka ya 1980, Peugeot 504 ya baba mdogo ilikaa hapo msimu mzima wa masika.

Aliinunua Kisii, mpaka wa Sirari ulipokwisha kufunguliwa tena. Ilikuwa ile ndefu, yenye safu tatu za viti na gia kwenye usukani. Huko Kenya ndizo zilizokuwa teksi za safari ndefu; zikichoka, ziliuzwa. Hii ilichoka, ila ilipakwa rangi nyeupe mpya, inang'aa. Wazee wa mtaani walikuja kuizunguka wakisimulia jinsi Bert Shankland wa Dar es Salaam alivyoshinda Safari Rally ya 1966 na ya 1967 kwa Peugeot 404. Baba mdogo alitabasamu utadhani Shankland aliendesha hii hii.

Fundi bodi hakutabasamu. Aliigonga kwa kifundo cha kidole, kuanzia taa za mbele hadi mlango wa nyuma, kichwa kakiinamisha upande. Bati zima hulia. Puti huitikia kibubu. Chini ya milango kote, bubu.

"Mdogo wangu," akasema, "umeuziwa puti. Bati umepewa nyongeza."

Basi ikavuliwa. Puti ilibanduliwa kwa tindo, ikaanguka mapande mapande, na nyuma yake kutu laini ambayo bisibisi iliizamia bila kusukumwa. Viti vikatolewa, mazulia yakaanikwa uani, nasi tukachungulia nyasi kupitia sakafuni. Bati la kuziba lilitoka kwenye pipa la mafuta: alilipasua, akalinyoosha juu ya kipande cha reli, akalipima kwa kadibodi, kisha akalikunja ukingo polepole, nyundo nje, chuma kizito ndani. Kabaidi ya kuchomelea ikatiwa maji, ikachemka kwa harufu kali kama ya kitunguu saumu, tukaambiwa tugeuze macho.

Kazi yetu watoto ilikuwa msasa wa maji. Ndoo, kipande cha kandambili cha kuzungushia karatasi, na vidole vilivyokufa ganzi kwa baridi ya asubuhi. Puti mpya alipaka mwenyewe, nyembamba. Ukizidisha, barabara ya Mugumu itaibandua kabla hujafika Nyamongo. Alifumba macho, akapitisha kiganja juu ya madigadi. Akisema "bado", tulirudi kwenye ndoo.

Rangi ilingoja jua. Kompresa ilikodiwa, na tina ikachoma pua hadi kwa mama ntilie wa jirani, aliyelalamika kwamba maandazi yake yatalewesha watu. Baba mdogo alichagua buluu. Mimi ningechagua nyekundu, ila hakuna aliyeniuliza.

Ilipoanza kubeba abiria wa Mugumu, safu ya nyuma ya watu watatu ilipokea watano na kuku wao. Fundi naye alisafiri nayo mara kwa mara kwenda kwa wakwe zake. Aligonga kwanza chini ya mlango, akasikiliza, ndipo akasalimia. Kisha akakaa mbele, na kondakta akajua wa kumruka wakati wa kukusanya nauli.