Kutoka Kitale Hadi Chwele, na Habari za Minyoo

Ukijaliwa kuzuru magharibi mwa Kenya, panda matatu mjini Kitale asubuhi mapema, kabla mawingu hayajaufunika Mlima Elgon. Kaa upande wa kulia. Mahindi yatakusindikiza hadi Kiminini na Kamukuywa. Ukikata kuelekea Kimilili na Chwele, mashamba yanakuwa madogo, migomba inaongezeka, na kabla ya kufika Bungoma miwa nayo inajitokeza. Udongo ni mwekundu, na watoto wanauchezea miguu mitupu kama tulivyofanya sisi.

Udongo huo una mambo. Chango jike mmoja tumboni mwa mtoto hutaga mayai yapatayo 200,000 kwa siku, na mayai hayo huweza kukaa ardhini miaka kadhaa. Mtoto hupewa dawa shuleni, minyoo wakafa, na baada ya miezi michache ameshaokota wengine. Dawa huua, haimwachii kinga.

Kuanzia 2012 watafiti walizijaribu njia nyingine katika vijiji vya Bungoma, Kakamega na Vihiga. Ripoti ya 2019 ilionyesha kuwa katika familia ambazo hazikusaidiwa, zaidi ya mtoto mmoja kati ya watano alikuwa na chango. Waliotiliwa klorini katika maji ya kunywa walipungukiwa na ugonjwa kwa asilimia 18 hivi. Waliopewa maji, choo na mahali pa kunawa kwa pamoja, asilimia 22. Choo peke yake, ambacho wengi wetu tungekitegemea, hakikuleta tofauti kubwa.

Nilikuwa nikimweleza hayo mama mmoja tuliyeketi naye, mwanawe akiwa mapajani.

"Na chanjo je, mwalimu? Surua ina chanjo."

Nikamwambia kirusi cha surua ni kidogo mno, bali mnyoo ni mnyama mzima, mwenye maelfu ya protini na ujanja wa kuituliza kinga ya mwili. Hata hivyo kondoo wamepata. Wanasayansi wa Uskoti walichukua protini za utumbo wa mnyoo anayefyonza damu, wakamchanja nazo kondoo. Mnyoo akinywa damu yake, anameza kinga inayomharibu tumbo. Chanjo hiyo ilianza kuuzwa Australia mwaka 2014.

Kwa binadamu kuna dalili. Kule Kisumu, waosha magari wa ziwani walitibiwa kichocho mara nyingi, na ripoti ya 2002 ikasema baadhi yao walizidi kuwa wagumu kuambukizwa tena. Chanjo ya safura nayo imejaribiwa kwa watu, hata nchini Gabon. Lakini kwenye zahanati hakuna hata moja.

"Kwa hiyo kondoo kwanza," akasema, akacheka kidogo.

Tukafika Chwele. Akashuka na kuku wake wawili, akamtua mtoto chini, naye akatimua mbio kuelekea sokoni, viatu vikiwa mkononi mwa mamake.